Kulungu wangu nimchune mwenyewe?

SWALI: Naishi Wisconsin na nina kibali cha kuwinda kulungu. Wenzangu huwapeleka kwa mchinjaji wa kulipwa. Nyumbani Singida nimechuna mbuzi tangu utotoni. Nikapange foleni ya nini?

JIBU: Aliyezoea mbuzi, kulungu hatamshinda. Maungo ni yale yale: mguu wa mbele haukuungwa na kiwiliwili kwa mfupa, ukipitisha kisu kwapani unatoka wote. Tofauti ni mafuta. Ya kulungu huganda mdomoni kama nta, basi yaondoe yote, hata kama roho itakuuma.

Ustadi unao, kinachoamua ni joto. Toa matumbo palepale porini, kisha nyama ipoe hadi nyuzi 4 za Selsiasi au chini. Novemba yenye baridi kali hukusaidia. Siku ikiwa ya jua na huna friji kubwa, mpeleke kwa fundi ulipe. Mara nyingi ada hupita dola 100.

Lakini muulize kwanza: je, huchanganya nyama za wawindaji mbalimbali, hasa kwenye soseji? Jimboni kwako kuna ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, uliogunduliwa huko mwaka 2002, na kinachousababisha hakiharibiwi na moto wa jikoni. Kichwa na kipande cha shingo vipelekwe kupimwa, uti wa mgongo usipitishwe msumeno, na nyama ikae kwenye friza mpaka majibu yatoke. Ikishachanganywa na ya mwingine, majibu hayo hayakuhusu tena. Mimi kwa hilo pekee ningechuna mwenyewe.