Chuma cha Pampu na Maji ya Chumvi



Huku kwetu Lamu, Manda na Pate maji matamu ni machache, na kisima kikivutwa sana huleta chumvi. Basi kikundi kinapochanga fedha za pampu, yafaa tujue jambo moja: chuma si cha aina moja.

1. Chuma cha kawaida cha kusubu

Maganda mengi ya pampu ni ya chuma hiki kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Bei yake si kubwa, na kwa maji ya mvua kutoka jabia kinafaa. Ndani yake mna grafaiti, yaani ule weusi wa penseli, iliyokaa kama majani membamba. Kwa sababu hiyo chuma kikigongwa hupasuka, maana ufa hufuata majani yale.

Maji ya chumvi nayo hula chuma na kuiacha grafaiti. Hapo ndipo watu hudanganyika. Ganda laonekana zima, kumbe ukilikwaruza kwa kisu lachimbika. Siku ya kazi kubwa linapasuka, na fedha za wanachama zimekwenda.

2. Chuma chenye nikeli

Kuna chuma kingine cha kusubu kilichotengenezwa kwa kazi ngumu kama hizi. Aina moja huitwa D-2. Katika kila kilo 100 mna kilo 18 hadi 22 za nikeli, na kilo 2 hivi za kromi. Nikeli hupanga upya chembe za chuma. Mpangilio huo huitwa austeniti, na chumvi hukila chuma hicho polepole zaidi.

Kikiwa kimeyeyuka hutiwa pia magnesiamu kidogo sana. Hiyo huifanya grafaiti iwe vidonge vya mviringo badala ya majani, na ufa hukosa njia rahisi. Kipande cha sentimeta 5 kikivutwa hurefuka kiasi cha milimita 4 kabla ya kukatika. Cha kawaida hukatika karibu bila kurefuka.

Lakini tusidanganyane: hiki nacho huliwa, ila polepole. Tena ni ghali, kwa ajili ya nikeli. Na kikipata joto hutanuka kuliko cha kawaida, kwa hiyo fundi asibadilishe kipande kimoja kwa kingine ovyo.

3. Kabla ya kulipa

(a) Onjeni maji ya kisima, hasa mwisho wa kiangazi. Kama ni matamu mwaka mzima, msitupe fedha kwa nikeli.

(b) Nendeni dukani na sumaku. Chuma cha kawaida huinasa kwa nguvu, D-2 haiinasi. Muuzaji akisema ni D-2 na sumaku ikanata sawasawa, msinunue. Ila isiponata msikubali papo hapo, maana shaba pia hainati.

(c) Ombeni karatasi ya kiwanda inayotaja aina ya chuma.

(d) Pampu ya zamani ikifunguliwa, fundi alikwaruze ganda kwa ndani. Likichimbika, libadilishwe mapema.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Maji yetu ni matamu au ya chumvi? Hubadilika miezi gani?
2. Pampu iliyotuharibikia ilipasuka au ililiwa?
3. Kipi ni nafuu kwetu: pampu ya bei ndogo kila baada ya muda mfupi, au ya bei kubwa itakayodumu?