Ubao kwanza, mashine baadaye

Ukifika Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, asubuhi utazikuta mashine za boti zikipita mabegani mwa vijana, zinatoka majini kwenda stoo. Mwenye chombo hathubutu kuiacha mashine yake ikae ziwani, kwa kuwa wezi wa ziwa huitamani kuliko nyavu. Jioni zinarudishwa tena kwa uvuvi wa usiku. Mashine ya nguvu farasi 15, ambayo ndiyo wavuvi wengi wa Mwanza wanaijua, ina uzito wa karibu kilo 40, na hufungwa na kufunguliwa kila siku inapotumika. Ndiyo maana mahali pake pa kukaa panahitaji kazi nzuri zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Hili nilijifunza kwa hasara. Mjomba alinunua mashine mpya, akaitundika kwenye ubao wa msonobari uliokuwa tayari nyuma ya mtumbwi. Kwa wiki tatu vibano vilikuwa vinaula ubao kidogokidogo na hakuna aliyetazama. Siku moja nje ya Igombe alikata kona ndani ya wimbi, kibano kimoja kikachomoka, mashine ikaruka ikazama huku bado inanguruma. Hakukuwa na cheni. Tulirudi kwa kasia, na mjomba hakusema neno mpaka tulipokanyaga mchanga.

Kwa hiyo anza na mtumbwi wenyewe. Mitumbwi mingi ya mbao ya ziwa hili la Victoria ni ya aina ya Sese, jina lililotoka kwenye visiwa vya Uganda. Ipo iliyochongoka pande zote mbili, ambayo ni ya kasia na tanga, na ipo iliyokatwa bapa nyuma kwa ajili ya mashine. Kama wako umechongoka pande zote, usitundike mashine ubavuni kwa kipande cha mbao. Chombo kitavuta upande mmoja na mshika usukani atachoka kabla ya kufika kwenye nyavu. Mpelekee fundi akate nyuma na kuujenga upya.

Ubao wa nyuma uwe wa mti mgumu, mninga au mvule, mkavu, usio na ufa wala kifundo pale vibano vitakapokaa. Unene wa sentimita 4 hadi 5 unatosha. Muhimu zaidi ni namna ulivyoshikana na mwili wa chombo. Mashine inapokwenda husukuma ubao mbele kwa chini na kuuvuta nyuma kwa juu, kama mtu anayejaribu kuung'oa. Misumari peke yake haitavumilia. Weka vipande vya mbao vya pembetatu, kimoja kila upande, vishike ubao na mataruma, na vyote vipitishwe bolti zenye washa pana. Mishono izibwe kwa pamba, kisha rangi. Pale vibano vinapobana, ndani na nje, pigilia bati nene au alumini ili mti usiliwe. Mjomba angefanya hivyo tu, mashine yake ingekuwa kazini bado.

Halafu kuna kimo, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Pima kuanzia ukingo wa juu wa ubao hadi chini kabisa ya chombo, katikati. Mashine za shafti fupi zimetengenezwa kwa ubao wa takriban sentimita 38, za shafti ndefu takriban 51. Chukua kipimo hicho uende nacho dukani. Ukishaitundika, tazama lile bamba bapa lililo juu ya propela: linatakiwa kuwa sawa na sakafu ya chombo, au chini yake kwa sentimita mbili hivi. Likiwa juu zaidi, propela itavuta hewa. Mashine italia kwa nguvu na boti haitasogea. Likiwa chini mno unaburuta chuma majini na kuchoma petroli bure. Ubao ukizidi kimo, kata mdomo wa mraba katikati. Ukipungua, ongeza kipande kwa bolti.

Angalia pia mkuku. Ukifika hadi nyuma ukiwa na unene wake wote, maji yanayofika kwenye propela huwa yamevurugika na yamejaa mapovu. Mwambie fundi auchonge mwembamba taratibu kwenye nusu mita ya mwisho. Mafundi wengine huona ni usumbufu. Sisitiza.

Tundika mashine katikati kabisa, ukipima kwa uzi kutoka omo. Kaza vibano kwa mkono, kaza tena baada ya dakika kumi za mwendo, na tena ukirudi. Kwa kuwa utaifungua kila siku, bolti za kudumu ni shida, lakini cheni si shida: funga moja kutoka kwenye mashine hadi kwenye taruma, isipite kwenye ubao wenyewe. Kisha rekebisha pini ya mlalo. Omo ikiinuka sana mashine ivute karibu na ubao. Omo ikichimba maji, isogeze nje kwa tundu moja.

Usiiwashe juu ya mchanga ili watu wasikie mlio wake. Pampu yake ya maji ina pangaboi dogo la mpira linalolainishwa na maji hayohayo, na likizunguka kavu linaungua kwa muda mfupi sana. Itumbukize kwenye pipa au ziwani, uiwashe gia ikiwa huru, na utazame mkondo mwembamba wa maji unaotoka pembeni. Ukikatika, zima. Kwetu mara nyingi sababu ni mchanga wa ufukweni au magugu maji yaliyoziba tundu la kunyonyea.

Mashine za mikondo miwili hupata oili kutoka kwenye petroli peke yake. Fuata kitabu chake. Nyingi hutaka sehemu 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20, na mara mbili ya hapo katika saa 10 za kwanza za mashine mpya. Tumia oili ya mashine za boti. Ya pikipiki ilitengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, wakati hii yako inapozwa na maji baridi ya ziwa. Changanya kwenye dumu safi, tikisa, mimina kupitia faneli yenye chujio. Katika saa hizo za kwanza usishikilie mwendo wa mwisho.

Kuna jambo jingine. Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyembamba kuliko Dar es Salaam. Mashine hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, na mchanganyiko wa kabureta huelekea kuzidi petroli. Fungua plagi baada ya safari ndefu. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye majimaji ni petroli au oili imezidi. Nyeupe ni joto kali, na hiyo irudishe kwa fundi siku hiyohiyo. Ukiwa na boti nzito ya dagaa, chagua propela ya mkato mdogo, ili mashine ifikie mzunguko wake bila kuhangaika.

Kamba ya kuzimia ifungwe mkononi mwa anayeshika usukani, kila safari. Dhoruba kubwa za ziwa hili huja zaidi usiku na alfajiri, saa zilezile tunazovua, na mtu akitupwa nje mashine inayoendelea kuzunguka humrudia au humwacha. Vaeni majaketi, bebeni plagi ya akiba na spana yake. Na tafadhali, hata mashine ikiwa mpya kabisa, makasia mawili yasitoke kwenye mtumbwi.