SIMU YA KIKUNDI: TUKAE NA ANDROID AU TUHAMIE iPHONE?

Katika somo hili tungependa kuzungumzia jambo ambalo siku hizi huletwa mbele ya mikutano ya vikundi vya kujisaidia. Tuseme kikundi kina simu moja ya Android. Katibu huitumia kuweka kumbukumbu za mikopo, kupiga picha za risiti na kuendesha kundi la WhatsApp. Simu imezeeka, kioo kimepasuka, chaji haikai. Hapo mwanachama mmoja anasimama na kusema kijana wake aliye Marekani yuko tayari kutuma iPhone, bure kabisa. Wengine wanapiga makofi. Wengine wananyamaza kwa sababu hawajui waulize nini. Somo hili tumewaandikia hao walionyamaza.

Mfumo endeshi ni nini?

Ndani ya kila simu ya kisasa kuna programu kubwa inayosimamia zingine zote: inafungua kamera, inapokea meseji, inaruhusu WhatsApp ifanye kazi. Hiyo ndiyo huitwa mfumo endeshi. Mifumo iliyoenea zaidi ni miwili. Android hutengenezwa na Google, ulianza kuuzwa ndani ya simu mwaka 2008, nao hupatikana katika simu za makampuni mengi: Samsung, Tecno, Infinix, Oppo na kadhalika. Wa pili ni iOS, wa kampuni ya Apple, nao hukaa ndani ya iPhone peke yake. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007.

Kwa hivyo kikundi kikihama kutoka Android hadi iPhone, kinahama pia duka la programu, akaunti, chaja na hata fundi. Wafugaji wataelewa upesi. Ni kama kutoka kwa ng'ombe wa kienyeji kwenda kwa ng'ombe wa gredi. Maziwa ni mengi, hakuna anayekataa. Lakini kabla ya kumleta boma, mtu mwenye busara huuliza kwanza habari ya majani, dawa na daktari wa mifugo.

Pesa haziko ndani ya simu

Tuondoe hofu moja mapema. Kuna wanachama wanaodhani simu ikibadilishwa, pesa za M-Pesa zitapotea. La. M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, imefungwa na nambari ya laini wala si kifaa. Ukihamisha laini yako kutoka mulika mwizi hadi simu yoyote, salio lako ni lile lile na nambari ya siri ni ile ile. Katika iPhone orodha ya M-Pesa huwa imejificha ndani ya mipangilio, na wengi huitafuta mpaka wakachoka, lakini *334# hufanya kazi kwenye simu zote.

Kinachoweza kupotea ni meseji za zamani za M-Pesa, zile ambazo mweka hazina hutumia kama ushahidi kwamba fulani alilipa. Hizo ziko ndani ya simu. Zisipohamishwa, hubaki kwenye simu ya zamani.

Faida za kuhama

Tuwe waaminifu: iPhone ina sifa zake. Ya kwanza ni kudumu. Apple huendelea kuzipa simu zake mfumo mpya kwa miaka mingi. iPhone XR ilitoka mwaka 2018, ikaendelea kupokea mifumo mipya mpaka iOS 18 ya mwaka 2024. Ilipokuja iOS 26 mwaka 2025 ndipo ikaachwa. Simu nyingi za Android za bei ya chini huachwa mapema zaidi ya hapo. Ni kweli kwamba Samsung iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, lakini hiyo si simu ya bei ya kikundi.

Sifa ya pili ni ulinzi. Huku kwetu, iPhone haikubali programu kutoka nje ya duka la Apple. Android ikipewa ruhusa hukubali, na hapo ndipo matapeli hupenyea. Mtu anatumiwa faili kwenye WhatsApp, anaambiwa ni ya mkopo wa haraka au ya msaada wa serikali, anabonyeza kukubali mara tatu, na tayari amemkaribisha mwizi sebuleni. Hata hivyo, mlango huo huo wakati mwingine hutusaidia. Afisa wa kilimo akija na programu ya mafunzo ndani ya simu yake, anaweza kuwagawia wenye Android papo hapo bila bando. Mwenye iPhone atabaki akitazama.

Gharama zisizotajwa siku ya makofi

Hapa ndipo tunaomba wanakikundi wakae chini watulie.

iPhone haina mahali pa kuweka kadi ya kumbukumbu. Nafasi ikijaa picha za mikutano, hakuna kadi ya kununua mjini. Itabidi mfute picha, au mlipe kila mwezi kuzihifadhi kwenye intaneti. Apple hutoa gigabaiti 5 bila malipo, Google hutoa 15. iPhone pia haishiki redio ya FM. Kusikiliza idhaa yako ya asubuhi kutataka bando. Wala haipokei faili kutoka Android kwa Bluetooth, jinsi vijana walivyozoea kupeana nyimbo na picha. Halafu kuna chaja. Mpaka iPhone 14, Apple ilitumia tundu lake la peke yake. Ni kuanzia iPhone 15, mwaka 2023, ndipo ikaanza kutumia USB-C kama simu nyingi mpya za Android. Kama kijiji kizima huchaji kwenye sola ya duka moja, swali la waya si dogo.

Kuhusu laini, sikilizeni vizuri, kwa maana hili huwapata watu hasa kwa simu za zawadi. iPhone zinazouzwa Marekani, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina tundu la kuingizia kadi ya laini. Hutumia laini ya ndani isiyo na kadi, ambayo lazima iwekwe na kampuni ya simu. Kwa hivyo kijana wenu anaweza kutuma simu nzuri sana, katibu aitoe kwenye karatasi, ashike laini ya kikundi mkononi na akose pa kuiingiza. Mpigieni kabla hajanunua. Mwambieni achague yenye tundu la kadi, au mhakikishe kwanza katika ofisi ya kampuni yenu ya simu kwamba laini ya kikundi inaweza kubadilishwa.

Na wale wanaotaka kununua iPhone iliyotumika kwa sababu ni rahisi? Kuna mambo mawili. La kwanza ni umri. Tangu Mei 2025 WhatsApp inataka iPhone yenye iOS 15.1 au zaidi, na iPhone 6 haifiki hapo. Inang'aa kibandani na bei inavutia, lakini kazi mliyoinunulia haifanyi. La pili ni kufuli. Tangu mwaka 2013, iPhone inaweza kufungwa na akaunti ya mwenyewe, hata ikifutwa kila kitu. Mnunuzi akiiwasha, inamwitisha neno la siri la mtu asiyemjua. Mwambieni muuzaji aifute mbele yenu, iwake upya mpaka mwisho, ndipo mtoe pesa. Akisema ati atawaletea neno la siri kesho, nendeni nyumbani na pesa zenu. Android nazo zina kufuli la namna hiyo tangu mwaka 2015, kwa hivyo jaribio ni lile lile.

Siku ya kuhama

Kama baada ya hayo yote kikundi kimeamua kuhama, basi kihame kwa utaratibu. Majina, meseji na picha zaweza kuvuka kutoka Android hadi iPhone kwa programu ya Apple iitwayo Move to iOS, na tangu mwaka 2022 WhatsApp pia huvuka kwa njia hiyo. Lakini ina masharti. iPhone lazima iwe mpya au iwe imefutwa, kwa sababu kazi hii hufanyika wakati simu inawashwa mara ya kwanza. Wengi hukosea hapa: wanaiwasha kwa furaha, wanapiga picha za ukumbusho wiki nzima, halafu ndipo wanauliza mazungumzo ya zamani yako wapi. Nambari ya simu iwe ile ile. Simu zote mbili ziwe kwenye umeme, tena ziwe kwenye waifai moja, au Android ishikane na intaneti ya iPhone. Kwa hivyo msichague siku ambayo stima hupotea.

Fahamuni pia kwamba akiba ya WhatsApp iliyohifadhiwa kwa Google haisomwi na iPhone, na iliyohifadhiwa kwa Apple haisomwi na Android. Msimtegemee mtu anayesema, "Usijali, iko kwa intaneti." Programu iliyonunuliwa kwenye duka la Google nayo haivuki, mtainunua tena.

Wakati wa kuhama, WhatsApp itatuma nambari 6 za kuthibitisha kwenye laini ya kikundi. Asipewe mtu yeyote, hata akijifanya ni mfanyakazi wa WhatsApp. Na simu ya zamani isiuzwe wala isifutwe kabla ya miezi miwili mitatu, mpaka mweka hazina akague rekodi moja moja na kuridhika.

Nani ameshika ufunguo?

Kwa maoni yetu, hili ni kubwa kuliko Android na iPhone zote mbili. Tukitembelea vikundi, swali letu la kwanza huwa ni hili: akaunti iliyo ndani ya simu ni ya nani? Mara nyingi ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, au na mpwa wa katibu ambaye sasa yuko Mombasa. Neno la siri hakuna anayelijua. Simu inafanya kazi, kwa hivyo hakuna anayejali. Siku itakapoharibika au kuibiwa, rekodi za mikopo ya akina mama thelathini zitakuwa zimefungiwa ndani ya akaunti isiyo na mwenyewe. Aliyekopa elfu ishirini atasema ni kumi, na nani atambishia?

Simu ya zawadi ina hatari hiyo zaidi. Kijana aliye ng'ambo akiitayarisha kwa akaunti yake mwenyewe ili kuwarahisishia, kumbukumbu za kikundi zitakuwa mali yake bila yeye kutaka. Mwombeni aitume ikiwa imefutwa.

Kikundi kifungue akaunti kwa jina la kikundi, na nambari ya kuirudisha iwe laini ya kikundi. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe ndani ya bahasha, nayo iwekwe katika lile sanduku la akiba lenye kufuli tatu. Vikundi vingi tayari vina sanduku hilo. Karatasi moja haitalijaza. Vile vile, simu inayolipiwa polepole isibebe rekodi za kikundi mpaka deni liishe, kwa kuwa malipo yakichelewa hufungwa.

Na kaunta buku lisitupwe. Mifumo hufa. Nani asiyekumbuka Nokia zilivyokuwa kila mahali? WhatsApp iliacha Nokia zilizotumia mfumo wa S40 mwisho wa mwaka 2018, ikaacha simu za Windows mwisho wa mwaka 2019. Simu za vitufe zenye mfumo wa KaiOS zilipewa WhatsApp mwaka 2019, nayo ikaondolewa kwenye duka lao mwaka 2024. Simu hazikuharibika. Ni kazi tu iliyoondolewa ndani yake. Daftari la mwaka 2007 bado linasomeka.

Tukiulizwa tungeshauri nini, kwa kikundi cha kijijini chenye fundi mmoja wa simu na chaji ya sola, tungesema kaeni na Android, lakini nunueni iliyo mpya yenye nafasi ya kutosha, na msiende kwa ile ya bei ya chini kabisa. iPhone ya zawadi yaweza kukubaliwa kama ina tundu la laini, si ya zamani mno, na imekuja bila akaunti ya mtu. Pengine ifaavyo zaidi ni kuitumia kwa picha na mafunzo, na rekodi zibaki pale zilipozoea.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Neno la siri la akaunti ya simu ya kikundi linajulikana na wangapi kati yetu? Wataje.

2. Simu ikianguka mtoni leo jioni, tutajuaje nani anadaiwa na ni kiasi gani?

3. Fundi wetu wa karibu hutengeneza simu za aina gani, na kioo kipya cha kila aina ni shilingi ngapi? Mwanachama mmoja atumwe akaulize kabla ya mkutano ujao.

4. Kama kuna anayetuletea simu kutoka ng'ambo, nani atampigia wiki hii kumwuliza habari ya tundu la laini?