Sakafu na Dari ya Bei

Wako wakubwa wetu waliokwisha maliza masomo ambao sasa hununua hisa, nasi wadogo tutawafuata. Kwa hiyo yafaa tujue kusoma mchoro wa bei.

Mchoro huo ni grafu ile ile ya darasani: siku huandikwa chini, bei kandoni. Ukiutazama sana, utaona mahali ambapo bei ikishuka huinuka tena. Hapo tupaite sakafu. Tena pako mahali ambapo bei ikipanda hurudi chini. Hapo ni dari.

Sababu yake ni kumbukumbu za watu. Aliyenunua kwa 100, kisha bei ikaanguka hata 80, husema moyoni, "Ikirudi 100 nitauza, nipate fedha zangu." Wenye nia hiyo wakiwa wengi, bei ifikapo 100 wauzaji huwazidi wanunuzi, nayo hushuka. Na aliyekosa kununua kwa 80 huingoja pale pale, ndiyo sakafu.

Tutwae mfano wa New York: wastani wa Dow Jones, unaohesabiwa kwa hisa za makampuni makubwa 30. Tarehe 9 Februari 1966 ulifunga kwa 995.15, ukarudi nyuma. Desemba 1968 ulifika 985.21, ukashuka tena. Tarehe 14 Novemba 1972 ulifunga kwa 1003.16, na ilionekana kwamba dari ya 1000 imetoboka. Lakini tarehe 6 Desemba 1974 ulikuwa 577.60! Aliyeweka dola 100 kwa kuufuata wastani huo siku ile ya furaha alibakiwa na kama 58, pasipo kuhesabu gawio. Mwisho wa mwaka 1982 ndipo ulipoiacha 1000 nyuma, na mpaka leo haujafunga tena chini yake.

Basi tujifunze mambo matatu. Kwanza, sakafu na dari si kuta za mawe, ni desturi ya watu tu. Pili, dari ikivunjika kweli mara nyingi hugeuka sakafu. Lakini kuivuka siku moja si kuivunja. Tatu, fedha ya karo ya mtoto isitiwe katika hisa kwa kuamini mstari wa kalamu.

Zoezi: Andika bei ya debe la maharagwe kila siku ya soko kwa muhula mzima, uichore. Sakafu iko wapi? Dari je? Nani wanaiweka?