Dondoo Muhimu: Kuziba Njia za Popo Darini

Mwenye nyumba ya bati aliyeudhiwa na harufu ya popo asikimbilie saruji kabla hajaijua njia yao. Naye ataijua kwa kusimama nje jua likishakuchwa, akautazama kwa utulivu ukingo wa paa, kwani ndipo watokapo mmoja baada ya mwingine, aghalabu katika mianya isiyozidi upana wa kidole, baina ya mawimbi ya bati na ukuta, au chini ya kofia ya paa. Mchana, ithibati ni waa jeusi la mafuta mdomoni mwa tundu, na chini yake mavi mfano wa ya panya, ila haya yakibanwa kwa kijiti husagika, yakametameta vipande vya wadudu.

Ziba mianya yote isipokuwa ule wautumiao zaidi. Juu ya huo pigilia wavu ubavuni na juu, ukishuka kiasi cha nusu mita, chini ukiwa wazi, ili watoke wasiweze kurejea, na baada ya usiku kadhaa uuzibe nao. Majira ya makinda wasioruka, subiri: mama akifungiwa nje, wanawe hufia humo, na uvundo wake ni adhabu tosha. Vidonge vya nondo, vijapokuwa vinasifiwa, sioni faida yake.

Kinyesi kikavu kinyunyizie maji kabla ya kukifagia, nawe uvae barakoa, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Popo asishikwe kwa mkono mtupu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali siku hiyo hiyo.