FUNGU LA NYUMBA
Somo kwa wapendao bahari na vyombo

Chombo kinapofika pwani na samaki wakashushwa, jambo lifuatalo ni kugawa. Desturi hazifanani kila mahali, lakini msingi wake ni mmoja: gharama za safari hutolewa kwanza, kisha huwekwa fungu la chombo, fungu la nyavu, na fungu la kila baharia. Mbao hazina kinywa wala nyavu hazina tumbo. Walakini hakuna mvuvi mwenye akili azidhulumuye, kwa kuwa ajua ya kwamba chombo kisichotiwa kalafati kitavuja, na wavu usiotengenezwa utapitisha samaki.

Katika mgawanyo huo yuko mshirika mmoja asiyetajwa, naye ni nyumba. Nyumba hungoja usiku kucha, hupika, hulea, huuguza, wala haisimami pwani kudai. Somo hili lahusu fungu lake.

KUPENDA BAHARI SI KOSA

Watu wengine hudhani kwamba mvuvi huenda baharini kwa sababu ya njaa tu. Sivyo. Yuko mzee asiyeweza tena kuvuta kamba, lakini kila alasiri huketi pwani kutazama matanga yarudiyo, na kwa mbali hutambua kila chombo ni cha nani. Yuko karani wa Mombasa akaaye mezani siku tano, na Jumamosi alfajiri huchukua mshipi, ndoano na chambo akaelekea mtumbwini. Huko Lamu, siku za Maulidi na za sikukuu nyingine, mashua hushindana kwa tanga, na watu hujaa ukingoni kushangilia, wala hakuna samaki avuliwaye siku hiyo.

Mapenzi hayo ni mema. Ndiyo yamfanyayo mtu aijue miamba kama aujuavyo mlango wake, na aamke saa 9 za usiku bila kuamshwa. Lakini kipendwacho sana huomba kila siku zaidi ya jana. Mvuvi huipa bahari usiku wake. Akirudi, mchana hulala. Jioni hushona nyavu pamoja na wenzake, na mazungumzo yao ni bahari tupu. Hivyo mtu aweza kuwa nyumbani mwezi mzima asionekane na watoto wake. Na yule karani, akiwapa ofisi siku tano na mtumbwi siku mbili, hana haki ya kumcheka mvuvi, maana nyumba yake nayo haikubakiziwa kitu.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Chukua mfano wa mvuvi mmoja wa pwani ya kusini, mtu wa makamo mwenye mke na watoto watatu. Wakati wa kaskazi alikwenda dago pamoja na wenzake wanne, mbali na kwao. Alipoaga alisema, "Nitakawia siku kumi." Siku ya 10 ilipofika samaki walikuwa wengi mno, akajiambia ya kwamba siku mbili tatu zaidi hazina neno. Siku zikawa 22.

Huku nyuma mtoto mdogo alishikwa na homa kali. Siku ya 14 akiba ikaisha. Mama akaenda kukopa kwa tajiri anunuaye samaki, naye tajiri akampa kwa sharti kwamba samaki wa mumewe wa mwezi ujao wasiuzwe kwa mtu mwingine, na bei ataitaja yeye. Mtoto akapelekwa zahanati, akapona.

Mvuvi aliporudi alikuwa na furaha kubwa. Alikuwa na fedha, na ng'onda, na wavu mpya alioununua njiani. Alimkuta mkewe ameketi kizingitini.

"Mama watoto, mbona hunipokei?"

"Karibu, baba watoto. Mwanao alikuita usiku tatu. Nilimwambia baba yu njiani, nami sikujua kama ni kweli. Sikujua hata kama u hai."

Maneno yakawa mengi, mpaka mke akafunga nguo zake ili arudi kwao. Akaitwa mjomba wa mume, mzee aliyekuwa nahodha zamani, aje awasikilize. Mvuvi akasema, "Mjomba, je, nilikwenda kucheza? Jasho langu lote si kwa ajili yao?"

Mzee akamjibu, "Hukucheza, mwanangu. Lakini niambie: katika hizo siku ishirini na mbili, chombo kilipata fungu lake?"

"Kilipata, mjomba."

"Na nyavu?"

"Zilipata, hata nimenunua mpya."

"Na nyumba je?"

Mvuvi akanyamaza. Mzee akasema, "Basi hapo ndipo ulipokosea. Uligawa ukamsahau mshirika mmoja. Siku nyingine mtaje kabla hujatweka tanga."

Fungu hilo la nyumba lina sehemu tatu: wakati, fedha na habari.

SEHEMU YA KWANZA: WAKATI

Mvuvi husema, "Bahari haina saa." Neno hilo si kweli, na mvuvi mwenyewe alijua. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo yakijaa leo saa 6 mchana, kesho yatajaa karibu na saa 6 na dakika 50, na kila siku huzidi kuchelewa vivyo hivyo. Baada ya siku 7, saa ile ile ya mchana huwa maji yamekupwa.

Tena uko mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Pwani ya Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hapo miamba hukauka, na wanawake kwa wanaume huenda kutafuta pweza. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana.

Juu ya hayo yako majira ya pepo. Kaskazi huvuma tangu Novemba hata Machi, nayo huwapa wavuvi wa vyombo vidogo bahari iliyo tulivu. Kusi huanza karibu na Aprili, ikazidi nguvu Juni hata Agosti, na siku nyingi mitumbwi haithubutu kupita nje ya mwamba.

Basi kalenda ipo, bali imo kichwani mwa baba peke yake. Na aitoe, aiandike karatasini, aitundike ukutani nyumbani. Kila mwezi zitiwe alama siku za kulala baharini, siku za kurudi mapema, na siku zisizo na safari. Siku ya nyumba iliyokwisha kutiwa alama isiuzwe kwa habari za samaki waliopita Shimoni. Wavuvi wengi wa Kiislamu wanayo Ijumaa, ambayo hawatweki tanga, au hawatweki mpaka sala iishe. Siku hiyo ni msingi mzuri wa kuanzia.

Jambo jingine la kukumbuka ni shule. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huangukia kaskazi, wakati baba ana kazi nyingi kupita zote. Lakini likizo ya Aprili huja pepo zinapogeuka, na ile ya Agosti huja kusi ingalipo. Mara mbili kwa mwaka, basi, bahari yenyewe humrudisha baba nyumbani wakati watoto wapo. Mwenye kuzipoteza siku hizo kwa bao na soga za baraza asiseme tena kwamba ni bahari iliyomnyima watoto wake.

Hata bara mambo ni hayo. Katika Ziwa Victoria, omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa mwanga huwavuta gizani. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hushindwa kazi, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo mke wa mvuvi wa omena aweza kutazama mbinguni akajua mumewe atakuwa nyumbani lini. Tofauti ni moja tu: kurudi nyumbani si sawa na kukaa nyumbani. Zile siku za mbalamwezi wengine huzimaliza vilabuni, pamoja na fedha za siku za giza.

SEHEMU YA PILI: FEDHA

Fedha za bahari huja kama bamvua na kuondoka kama bamvua. Atakayegoja zibaki ndipo aweke, hataweka. Fungu la nyumba hutolewa pale pale pwani, kama litolewavyo la chombo, kabla mvuvi hajaonana na muuza sigara wala rafiki mwenye shida.

Tuseme mvuvi aenda baharini siku 15 kila mwezi, na kila siku, licha ya posho, aweka shilingi 100. Kaskazi ni miezi mitano. Siku hizo ni 75, na akiba yake ni shilingi 7,500. Kusi kali ni miezi mitatu, Juni, Julai na Agosti. Akigawa akiba ile kwa miezi hiyo, kila mmoja utapata shilingi 2,500. Fedha hizo si utajiri, walakini zatosha kumzuia mama asiende kwa tajiri usiku mtoto augapo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni vema mke ndiye aitunze hesabu hiyo. Wake wengi wa pwani ni mama karanga, wanunuao samaki pwani, wakakaanga na kuuza, nao wajua hesabu ya senti kuliko waume zao. Mume asione haya kumwachia daftari.

SEHEMU YA TATU: HABARI

Sehemu hii haina gharama, nayo ndiyo inyimwayo mara nyingi. Yule mke wa mfano wetu hakulilia fedha kwanza, alililia kutojua.

Kabla ya kutoka, mvuvi amwambie mkewe mambo manne: aenda wapi, pamoja na nani, atarudi siku gani, na asiporudi siku hiyo aulizwe nani. Vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU na ambavyo viliwekewa kanuni mwaka 2007, vyaweza kusaidia, kwa kuwa huwajua wenye vyombo wa pwani yao. Simu itiwe katika mfuko usiopitisha maji. Lakini asitegemee simu peke yake, maana mbali na nchi kavu mawimbi yake hukatika. Tena avae koti la kuelea, na asikilize habari za hali ya hewa kabla ya kutweka. Wako wadhanio kwamba koti ni woga. Mtu mwenye watoto watatu hana ruhusa ya kufanya ushujaa kwa roho isiyo yake peke yake. Bahari haishi zinge.

NYUMBA NAYO INA WAJIBU

Haki haiwi ya upande mmoja. Mke asiitukane bahari mbele ya watoto, kwa maana hiyo ndiyo iwalishayo, na mume anyang'anywaye kile akipendacho hukaa nyumbani kwa mwili tu. Afadhali ajifunze majina ya pepo na maji, ili ajue kwa nini leo mume amechelewa. Watoto nao, siku zisizo za shule na bahari ikiwa shwari, wapelekwe ndani ya mwamba wafundishwe kuogelea, kushika kasia na kufunga ndoano. Hapo mapenzi ya baba huwa mali ya nyumba nzima. Lakini mtoto asitolewe darasani ili akaupe maji mtumbwi, hata samaki wakiwa tele.

MWISHO WA MFANO

Yule mvuvi alilipa deni la tajiri kwa kazi ya mwezi mzima na zaidi, akiuza kwa bei asiyoipenda. Kaskazi iliyofuata alikwenda dago tena, akasema vile vile, "Siku kumi." Siku ya 10 samaki walikuwa wengi kama mwaka jana. Wenzake wakamcheka, wakamwambia, "Unamwogopa mkeo?" Akapakia vitu vyake katika mashua iliyokuwa ikirudi.

Siku zile wenzake walipata samaki wengi, naye hakupata kitu. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli, wala mtu asiifiche. Kila fungu hupunguza mafungu mengine: la chombo hupunguza la mabaharia, na la nyumba hupunguza la bahari. Lakini jioni ile watoto walimwona tangu mbali, wakamkimbilia, kwa kuwa walikuwa wamehesabu siku ukutani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika pwani yenu, samaki hugawanywa mafungu mangapi? Fungu la nyumba hutolewa lini?
2. Je, mke wako ajua leo maji yatajaa saa ngapi? Nani amfundishe?
3. Mvuvi asiporudi siku aliyoitaja, watu wa kwenu hufanya nini kwanza?
4. Yule aliyerudi siku ya 10 alipata hasara. Je, alifanya vema? Toeni sababu.