Kinyonga si kigeugeu

Swali: Mtu anayeitwa kinyonga tangu shuleni, kwa kuwa huzungumza Kiluhya nyumbani Kangemi na Kiingereza kazini mjini Nairobi, ajikubali vipi?

Jibu: Kinyonga husingiziwa kuwa kigeugeu. Yule wa pembe tatu, anayeishi kwenye nyua za kayaba na bustani za Karen, habadilishi rangi ili kulaghai. Rangi hufuata joto, mwanga na hali yake ya ndani. Asubuhi ya baridi ya Julai hujitia weusi ili anase jua upesi. Dume akikutana na dume mwenzake hung'aa kijani. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha, kwa kinyonga wa Madagaska, kwamba ngozi ina fuwele ndogo mno: zikiachana au kukaribiana, mwanga unaoakisiwa hubadilika. Pembe hubaki zilezile, mkia umeshika tawi, kila jicho likizunguka kivyake.

Anayebadilisha lugha kati ya Kangemi na Kenyatta Avenue huitikia mazingira vivyo hivyo, naye ni yuleyule. Kigeugeu ni mvunja ahadi, na jina hilo halimhusu. Akitaka kumwona kinyonga, amtafute usiku kwa tochi: akilala hupauka, akaonekana wazi kwenye majani.